Nilivyompata baba wa kutunza vitunguu tasa

Ua la kitunguu ni dogo mno, na kichwa kimoja kina mamia ya maua yanayofunguka kwa zamu. Ukitumia kibano kung'oa vifuko vya chavua ua moja moja ili lisijichavushe, kila ua likupe mbegu zisizozidi 6, hutamfikishia mkulima hata mfuko mmoja wa mbegu chotara, yaani za kukutanisha koo mbili. Kwa hiyo nilianza na mama aliye tasa upande wa dume: hana chavua hai, ila akichavushwa anazaa vizuri.

Kumpata mama huyo si kazi. Kazi ni kumpata baba wa kumtunza, yaani mmea wenye chavua ambao ukimchavusha, watoto wote wanabaki tasa kama yeye. Utasa huu umo kwenye saitoplazimu, ute wa seli ulio nje ya kiini, na hiyo mtoto huirithi kwa mama. Lakini baba akileta jeni fulani kwenye kiini cha seli, chavua inarudi. Mtafiti wa vitunguu Henry Jones alipouona mmea tasa wa namna hii huko Davis, California, mwaka 1925, ilibidi auendeleze kwa vitunguu vidogo vilivyoota kichwani penye maua.

Nilichagua mimea mizuri yenye chavua, kila mmoja nikaufungia na mmea tasa ndani ya kizimba cha neti, nikaachia nzi humo wachavushe. Mbegu za mama na za baba nikazivuna mbalimbali. Kisha ni kungoja, maana kitunguu kwa kawaida hutoa maua mwaka wa pili.

Watoto walipochanua nilikagua mmea mmoja mmoja. Vifuko vyenye chavua hai hujaa, hupasuka, na kukuachia unga wa manjano kidoleni. Vya mmea tasa hunyauka bila kupasuka. Nilipotia shaka nilivisaga kwenye tone la asetokamini, rangi nyekundu ya maabara, na kutazama kwa hadubini: chavua hai hushika wekundu, iliyokufa ni ganda tupu. Baba wengine walizaa watoto wote wenye chavua, wengine nusu kwa nusu. Hao niliwaacha wote, hata wenye vitunguu vya kupendeza, na iliniuma. Nikabaki na yule ambaye watoto wake wote walikuwa tasa. Ndiye anayeuendeleza ukoo wa mama hadi leo.

Kwa kitunguu inatosha hapo, kwa kuwa mkulima anavuna kitunguu chenyewe. Alizeti ni habari nyingine: mavuno ni mbegu, hivyo baba wa chotara lazima awe na jeni la kurudisha chavua. Huyo ndiye ninayemtafuta sasa.