Kwa Mfaransa, Mwanga

Nimerudi Kigoma baada ya miaka 12 Lyon, Ufaransa, na swali ninaloulizwa zaidi si la mshahara wala la baridi. Ni hili: "Umeshafika kwa Mfaransa?"

Kwa Mfaransa ni mgahawa uliofunguliwa Mwanga, hapa hapa Kigoma mjini, kwenye kiwanja kilichokuwa na vibanda vya mama ntilie. Mwenyewe ni Mrundi, upishi kajifunzia Bujumbura. Ila vitambaa vyeupe mezani na orodha ya vyakula yenye maneno ya Kifaransa vimetosha, jina limemganda.

Kila mtu ana lake. Bodaboda aliyenipokea stesheni: "Sahani kama ungo, samaki kama kidole." Kinyozi anamtetea, mtaa umepata taa na vijana wa hapa wamepata kazi. Shemeji alikwenda mara moja, akarudi nyumbani akasonga ugali. Mzee mmoja wa Ujiji, aliyevuka sana ziwa Tanganyika kwenda Kalemie, Kongo, ujanani, anaudhika kuona samaki wetu mgebuka ameandikwa "mukeke". Hapo namtetea mpishi. Upande wa Burundi ndivyo anavyoitwa, na ziwa ni moja.

Linaloniuma ni jingine. Watu wakisema "chakula cha Kifaransa" wanamaanisha chakula cha wakubwa. Mimi Lyon nimeosha vyombo, baadaye nikamenya vitunguu, kwenye bouchon, ndivyo wanavyoiita migahawa yao ya kienyeji. Wateja wake wa zamani walikuwa wafumaji wa hariri, watu wa kuamka usiku na kula vya bei nafuu. Walikula utumbo! Tablier de sapeur ni utumbo wa ng'ombe uliopakwa chenga za mkate ukakaangwa. Andouillette ni matumbo yaliyokatwakatwa yakashindiliwa ndani ya utumbo mwingine. Siku ya kwanza kuonja nilikumbuka supu ya utumbo ya asubuhi kule Kibirizi, ufukweni Kigoma, wavuvi wakitoka ziwani na nguo bado mbichi.

Na waliovipatia sifa vyakula hivyo ni wanawake. Wengi walikuwa wapishi wa majumbani kwa matajiri, kisha wakafungua migahawa yao. Mji mzima unawaita "mama wa Lyon". Mmoja wao, Eugénie Brazier, alizaliwa shambani, akaanza mwaka 1921 katika chumba kilichokuwa duka la vyakula. Mwaka 1933 alipata nyota tatu, daraja la juu kabisa la Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, kwa mgahawa wake wa mjini, na tatu nyingine kwa wake wa pili, wa mlimani. Hadi leo jina lake liko mlangoni, mtaa wa rue Royale. Nilikuwa nikipita pale siku zangu za mapumziko, nasimama, namfikiria mama yangu mdogo.

Maana mama mdogo alipikia pale pale palipo na Mfaransa sasa. Migebuka ya mawese, ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu. Wachukuzi wa sokoni walikula kwake, asiye na hela akaandikwa daftarini. Kisha vibanda vikavunjwa. Sasa anapikia barazani kwake Gungu, na wachukuzi hawawezi kwenda Gungu wakarudi kazini kwa wakati. Daftari analo bado, na wengi humo hajawaona tena.

Alhamisi nilimpeleka kwa Mfaransa. Alivaa kitenge cha Idi. Tukaletewa mukeke na mchuzi wa vitunguu, akala taratibu, hakuacha hata mfupa bila kuukagua, kisha akaomba kumwona mpishi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo sikuhitajika. Alimwambia samaki ni mzuri ila mawese yametolewa motoni mapema. Yule kijana akavuta kiti, akakaa, akamuuliza muda, akamuuliza sufuria gani. Mwisho akamuuliza alikuwa akipikia wapi.

Mama mdogo akanyoosha mkono kwenye kona, palipo na friji ya vinywaji.

"Hapo. Mafiga yangu yalikuwa hapo."