Siku niliyompeleka mzee kwa simba aliyelala

Hii ilikuwa Oktoba 2016, mwaka wangu wa pili Berlin nasomea uuguzi, mazoezi nilikuwa nafanyia kwenye nyumba moja ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja pale, miaka 80 na kitu, kafundisha historia maisha yake yote, sukari imemshika vibaya na ana kidonda mguuni juu kidogo ya kifundo, mimi ndo nilikuwa namsafisha kila asubuhi. Shida yake hatulii. Unamfunga bandeji vizuri, unamwekea mto chini ya mguu, ukigeuka tu kashasimama anatafuta kitabu kwenye shelfu. Nikimwambia hiki kidonda hakitapona ukiwa unakisimamia, ananijibu nitapumzika kaburini. Ile kauli ilikuwa inanichoma jamani, maana baba yangu Tanga alikuwa anasema hivohivo, alijikata na jembe mguuni, hakukubali kukaa hata siku tatu, mvua zimeshaanza na shamba linamsubiri, tukamzika mahindi hayajakomaa.

Basi siku hiyo akaniomba nimpeleke makaburini, Invalidenfriedhof, anataka kumuona Scharnhorst. Mimi hilo jina nalijua kwenye kibao cha mtaa tu, Scharnhorststraße, napita pale karibu kila siku na sijawahi kujiuliza ni nani. Nikamfunika blanketi, nikasukuma kiti.

Makaburi yenyewe yapo kando ya mfereji, na kipande cha ukuta wa Berlin bado kipo mlemle ndani, maana enzi zile mpaka ulipita hapohapo na makaburi mengi yakaondolewa. Hili la Scharnhorst likabaki. Limeinuliwa juu kuliko mtu, marumaru, pembeni wamechonga habari za maisha yake, na juu kabisa kalala simba. Si simba wa kunguruma kama wanaowekaga kwenye milango ya wakubwa, huyu kalala kabisa, kichwa kakilaza juu ya miguu ya mbele. Mzee akaniambia huyo simba wamemsubu kwa mizinga waliyoteka vitani.

Alafu akaanza kunisimulia, na pale ndo nilimuona alivyokuwa mwalimu. Gerhard Scharnhorst kazaliwa 1755 kijiji cha Bordenau, upande wa Hannover, si mtoto wa bwanyenye, na jeshi la wakati huo vyeo vikubwa vilikuwa vya watoto wa mabwanyenye. Akasoma shule ya kijeshi kwenye kisiwa kidogo ziwani, Wilhelmstein, akawa mtu wa mizinga, mtu wa vitabu, na 1801 akahamia jeshi la Prussia, ufalme wa Wajerumani wenye makao Berlin, akiwa luteni kanali. 1806 Napoleon wa Ufaransa akawapiga pale Jena na Auerstedt siku moja, tarehe 14 Oktoba, yeye mwenyewe Scharnhorst akajeruhiwa, baadae akatekwa akiwa na jenerali mwenzake Blücher kule kaskazini, akabadilishwa na mateka mwingine akarudi vitani. Nchi imeshavunjika, na Napoleon kawawekea wasizidi askari 42,000. Ndo mfalme akampa huyu kazi ya kulijenga jeshi upya. Akawa anafundisha vijana muda mfupi, anawarudisha makwao, anaita wengine, kwa hiyo idadi kambini haizidi ila wanaojua kushika bunduki wanaongezeka kimyakimya. Na 1808 cheo cha ofisa kikawa cha mtihani na uwezo, si cha ukoo, na ile adhabu ya kumpitisha askari katikati ya mistari miwili wenzake wanamchapa ikafutwa.

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia mzee, kwetu Tanga bibi alikuwa anatusimulia hamsa ishirini, viboko 25 vya Mjerumani, na hiyo ni miaka karibu 100 baada ya huyu kufuta fimbo kwa askari wenu. Mzee akakaa kimya muda mrefu. Akasema kweli, na darasani kwangu sikuwahi kuwafundisha watoto hilo. Hakuongeza kitu, na mimi nilimheshimu zaidi kwa kutojitetea.

Nikamuuliza, sasa alikufaje? Akasema mguu. Tarehe 2 Mei 1813, wanapigana tena na Napoleon pale Großgörschen, risasi ilimpata chini ya goti. Badala ya kulala akapanda gari la farasi kwenda kuwashawishi Waaustria waingie vitani, barabara za wakati huo, mguu umefungwa vitambaa, ukaoza njiani. Alifia Praha tarehe 28 Juni, ana miaka 57. Austria ikaingia vitani Agosti ileile, hata miezi miwili haijatimia.

Mimi nikawa namwangalia yule simba tu. Nikahesabu, toka Mei 2 mpaka Juni 28 ni siku 57, na kidonda nakijua mimi, najua kinavyoanza wekundu pembeni, kinavyotoa harufu, mtu anavyopata homa ya jioni na kusema ni uchovu tu wa safari. Nikamsimulia mzee habari ya baba, ya jembe na yale mahindi. Kijerumani changu kilikuwa bado kinakwama na machozi yalikuwa yananitoka, lakini nilimaliza yote. Hakunijibu, alinishika mkono tu, mkono wake wa baridi, tukakaa pale mpaka kijua kikaondoka kwenye lile jiwe.

Jioni nikaja na trei yangu, maji ya chumvi, shashi, bandeji mpya. Nikafungua ya asubuhi, ilikuwa imelowa kidogo, nikasafisha, nikafunga. Nageuka kuchukua mto, nikakuta ameshauvuta mwenyewe na mguu kauweka juu yake. Akaniomba nimpe kile kitabu cha dirishani, yeye hasimami.