Kura ya Bibi

Jumapili ya Oktoba 31, 2010, nilimshika Bibi mkono tukapanda taratibu kutoka kihambani, shamba letu la nyumbani, hadi kituo cha kupigia kura. Macho yake yalikuwa yameshafifia, na sheria inamruhusu asiyeona kusaidiwa na mtu anayemwamini. Alinichagua mimi. Niliona fahari, kisha hofu, maana nilijua anamtaka nani na mimi sikuwa upande huo.

Tukainama pamoja kwenye kituturi. Nikaanza na karatasi ya rais, nikimsomea majina kwa kunong'ona. Nilipomaliza akauliza, "Na Lyatonga?"

"Hayumo, Bibi. Safari hii anagombea ubunge."

Akanyamaza. Kwenye karatasi ya rais alikuwa amemkuta Augustino Lyatonga Mrema mara tatu: 1995 kwa chama cha NCCR-Mageuzi, kisha 2000 na 2005 kwa chama cha TLP. Mwaka 1995 ndio aliopenda kuusimulia, jinsi watu walivyosukuma gari la Mrema kwa mikono. Alipata asilimia 27.8 ya kura, Mkapa akashinda.

Ila imani ya Bibi ilianza Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, enzi za maagizo yake ya kumpa mtu siku saba awe ametekeleza. Babu alipofariki, shemeji mmoja aling'oa masale, mimea ya kuonyesha mpaka, ili amege kihamba. Bibi akamwambia, "Nakwenda kwa Mrema." Hakwenda. Wiki haikuisha, masale yalikuwa yamepandwa upya palepale. Nimekulia katika kihamba hicho.

Tukafika karatasi ya mbunge. Jimbo letu la Vunjo, kwa maoni yangu, lilihitaji mtu mpya. Kalamu nilikuwa nayo mimi, na Bibi asingejua. Wazo hilo lilinijia, siwezi kulikana.

"Kiweke kidole changu kwenye picha yake," akasema.

Nikakiweka. Kilikuwa kigumu, kimepasuka kwa miaka ya kuchuma kahawa. Nikaweka alama ya V pembeni yake.

Mrema alishinda Vunjo mwaka huo. Mwaka 2015 James Mbatia alilichukua jimbo, lakini Bibi alikuwa ameshatutoka.

Wakati wa kushuka aliniuliza mara mbili, "Umeweka?"

"Nimeweka, Bibi."

"Na ya kwako?"

Nikamwambia ukweli. Akatembea hatua kadhaa bila neno, kisha akauegemea mkono wangu kwa uzito zaidi, kwa sababu njia hapo ilikuwa na utelezi.