Tope la Malindi: kumbukumbu ya mradi wangu wa kupima metali kwenye tope la ghuba, msimu wa kaskazi

Kaskazi imeshika, na maji ya ghuba yamegeuka rangi ya chai ya maziwa kuanzia mdomo wa Sabaki hadi karibu na jeti. Mto huu huanzia bara ukiitwa Athi, hupita mashamba ya Ukambani, huwa Galana, na udongo wote unaozoa njiani huumwaga hapa kwetu. Kusi ikivuma, tope hilohilo husukumwa Mambrui na Ngomeni. Ndiyo maana sampuli ya Januari siilinganishi na ya Juni. Januari kwa Januari, basi.

Vituo ni vilevile: mdomo wa mto, jeti, mfereji wa maji ya mvua wa mji, na kusini, nje kidogo ya hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968.

Penye mfereji ndipo nilipokawia. Nilididimiza mrija wa plastiki angavu kwenye tope, nikauziba juu kwa kiganja, nikauvuta. Ndani, juu kabisa, utando wa kahawia usiofika nusu sentimita. Chini yake tope jeusi ti, lenye harufu ya yai viza. Weusi huo maana yake oksijeni imekwisha: uchafu wa majumbani ukioza huimaliza. Mwaka jana utando wa kahawia ulikuwa mnene zaidi, na hilo linanitia wasiwasi kweli.

Nahodha aliyenibeba aliutazama mrija akasema, "Mwanangu, hapa sisi tulikuwa tukivua tasi." Tasi hula majani ya bahari, na majani hayaoti pasipo mwanga.

Nakata sentimita 2 za juu tu, kwa kisu cha plastiki, maana cha chuma huacha metali yake kwenye sampuli. Kisha nachekecha. Metali kama risasi na zinki hushikamana zaidi na chembe laini, za chini ya maikromita 63. Mchanga hushika kidogo mno. Anayepima tope bila kuchekecha atadhani mji umesafishwa, kumbe mawimbi yameleta mchanga mwingi tu.

Chembe laini za safari hii ziko kwenye friza zikisubiri maabara. Nimeomba waanze na zinki, ambayo hutoka kwenye mabati na matairi. Ikizidi penye mfereji kuliko mdomo wa mto, lawama ni ya mji. Bamvua lijalo naongeza kituo ndani ya mfereji wenyewe, juu ya pale maji ya chumvi yanapofika.