Akaamuru Apewe Chakula

Somo: Marko 5:35–43

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimekaa na mstari mmoja ambao kwa miaka mingi nilikuwa naupita mbio, kwa sababu unakuja baada ya muujiza mkubwa na macho ya msomaji huwa bado yako kwenye muujiza. Binti wa Yairo, mwenye umri wa miaka 12, amekwisha kufa na waombolezaji wamekwisha kuanza kilio. Bwana Yesu anaingia alipo mtoto pamoja na wazazi wake na wanafunzi watatu, anamshika mkono, anamwambia ainuke, naye anainuka na kutembea. Waliomo wanashikwa na mshangao mkuu. Kisha Marko anaandika kwamba Yesu aliamuru mtoto apewe chakula, na habari inaishia hapo.

Mathayo anaposimulia tukio hilo hilo hataji chakula kabisa. Luka anakitaja, tena anakitanguliza, kwa kuwa kwake agizo la chakula linatolewa mara mtoto anaposimama, kabla ya kutuambia kwamba wazazi walistaajabu. Mapokeo ya kanisa yanamtambua mwandishi huyo kuwa ndiye Luka ambaye Paulo anamwita tabibu mpendwa katika Wakolosai 4:14, na kila nikisoma mpangilio wake naona jicho la mtu aliyezoea kukaa karibu na wagonjwa.

Mimi ni daktari mtarajali. Katika mafunzo haya tunapita idara moja baada ya nyingine, magonjwa ya ndani, watoto, uzazi, na upasuaji ambako nipo sasa. Nafika wodini kabla ya raundi, natoa damu za vipimo, nasoma majibu ya jana na kupima mkojo uliokusanyika kwenye mfuko, ili daktari bingwa atakapouliza niwe na jibu. Raundi ikiisha, mengi yaliyosemwa kando ya vitanda yamegeuka kuwa maagizo kwenye mafaili, na sehemu kubwa ya maagizo hayo inaniangukia mimi. Mtarajali haamui mambo makubwa. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba lililoamuliwa limefanyika, nami nimejifunza kwa uchungu kwamba agizo likishaandikwa halijifuti lenyewe.

Bibi mmoja alikuwa amelazwa kwa kuvunjika mfupa wa paja karibu na nyonga, akisubiri upasuaji. Niliandika mwenyewe kwamba tangu saa 6 usiku asile wala asinywe. Agizo hilo lina sababu yake, kwani dawa ya usingizi hulegeza kinga ya koo, na kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Kwa kawaida mtu mzima anahitaji angalau saa 6 baada ya mlo mwepesi na saa 2 baada ya maji matupu, kwa hiyo hata ule muda wa kuanzia usiku wa manane ulikuwa mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi akaletwa kijana aliyepata ajali, bandama limepasuka na tumbo limejaa damu. Chumba cha upasuaji alipewa yeye, na ilikuwa haki apewe. Upasuaji wa bibi ukaahirishwa hadi kesho yake, nami nikaitwa kusaidia.

Nilisimama pale nikishikilia kingo za jeraha kwa vyuma hadi vidole vikafa ganzi, nikamwona daktari bingwa akiufunga mshipa uliokuwa ukivuja, nikaona shinikizo la damu la yule kijana likipanda polepole kurudi mahali pake. Tulitoka tukiwa na furaha ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mtu aliyekuwa anatuponyoka alikuwa amebaki nasi, na mchana wote nilikuwa nikipita kumtazama, nikimshukuru Mungu kwa kweli kabisa.

Saa 12 jioni ndipo nilipofika kwenye kitanda cha bibi. Ile karatasi ya kumzuia kula na kunywa ilikuwa bado imefungwa kwenye chuma cha kitanda, kwa mwandiko wangu. Kwenye kabati dogo la pembeni kulikuwa na kikombe cha maji kilichofunikwa kwa kisahani, hakijaguswa. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi ngozi imeanza kupasuka pembeni. Nilimuuliza kwa nini hakumwita mtu yeyote.

“Niliona mnakimbia, mwanangu,” akasema. “Nikajua mkimaliza mtanikumbuka.”

Nilifunua kikombe, nikamwinua kichwa kwa mkono mmoja. Alikunywa mafunda matatu, akapumzika, akanywa tena. Alikuwa amekaa saa 18 bila chakula wala tone la maji, na saa nyingi kati ya hizo hazikuwa na sababu yoyote ila usahaulifu wangu. Nilimwomba msamaha. Alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili, akaniombea na baraka.

Wapo wanaofundisha kwamba chakula cha binti wa Yairo kilikuwa uthibitisho kwamba aliyesimama pale si roho tu, kama vile Bwana mwenyewe alivyokula samaki mbele ya wanafunzi baada ya kufufuka, katika Luka 24. Ni fundisho jema, wala silipingi. Lakini mimi naamini njaa ya mtoto ilitosha kuwa sababu. Alikuwa ametoka katika ugonjwa, na watu wote waliompenda walikuwa wamesimama wakishangaa, na mshangao wao, uliokuwa wa haki kabisa, ndio ambao ungemwacha na njaa. Aliyemwita kutoka mautini angeweza kumshibisha kwa neno pia. Badala yake kazi hiyo aliwaachia waliokuwa chumbani. Naliona hilo kuwa heshima kubwa aliyowapa, na tangu jioni ile naliona pia kuwa onyo kwangu, kwa sababu furaha yangu ya siku ile ilikuwa shukrani ya kweli na bado ilimpita mtu mwenye kiu.

Naomba mtuombee watarajali wote walio zamu usiku huu. Tuombeeni mikono isiyotetemeka na akili inayokaa macho, na pamoja na hayo mtuombee kumbukumbu, ili tukitoka kwenye tukio kubwa turudi kumtazama aliyekuwa akingoja kimya.

Bibi alifanyiwa upasuaji kesho yake. Safari hii niliandika saa ya mwisho ya kula na saa ya mwisho ya kunywa maji, kila moja peke yake, nikamsomea mwenyewe. Aliporudishwa wodini na usingizi kumtoka, chini ya orodha ya dawa zake kwenye faili kulikuwa tayari na mstari mmoja zaidi: apewe chakula.