Chakula cha Liwali

Somo la juma: Nehemia 5:1–19. Someni pia Yeremia 45, ni sura fupi sana.

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna maombi mawili ambayo wengi wetu huona haya kuyaleta mbele ya wenzetu. Ya kwanza ni ya ndugu anayetaka kugombea uongozi wa umma. Ya pili ni ya dada anayetaka cheo kikubwa zaidi kazini na anajua kabisa kwamba anakiweza. Tukiombwa kumwombea mgonjwa tunaitikia "amina" kwa sauti. Tukiombwa haya mawili tunatazamana. Tumezoea kudhani kwamba mtu wa Mungu hapaswi kutaka makuu, na kwamba siasa ni mchezo mchafu, basi waachiwe wasiookoka. Kisha tunalalamika kwamba tunatawaliwa na watu wasiomcha Mungu.

Nimekaa na kitabu cha Nehemia juma zima, wala sikuona mahali ambapo Mungu anamkemea kwa kutaka jambo kubwa. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta wa Uajemi huko Shushani, kazi yenye heshima. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu, akalia, akafunga, akaomba hadi Nisani, yapata miezi minne. Mfalme alipomwuliza haja yake, hakubabaika. Alitaka atumwe Yuda, na muda akautaja. Alitaka barua kwa maliwali, yaani watawala wa majimbo, wa ng'ambo ya Mto Frati, na nyingine kwa Asafu, mlinzi wa msitu wa mfalme, ili apewe miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa mwenyewe. Mtu huyu alikuwa ameomba, na alikuwa amepiga hesabu. Ukuta ulikwisha kwa siku 52.

Habari ya ukuta tunaihubiri sana. Sura ya 5 tunaipita haraka, nami naona ndiyo yenye moyo wa kitabu chote.

Kazi ikiwa inaendelea, kilio kikazuka, tena si cha maadui. Ni watu wa Yuda waliokuwa wakiwalilia ndugu zao. Wengine wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa. Wengine wamekopa fedha za kumlipa mfalme kodi. Binti zao wamekwisha kuchukuliwa utumwani, nao hawana la kufanya kwa sababu mashamba yako mikononi mwa wengine. Nehemia akakasirika, akawakabili wakubwa hadharani. Katika kuwakemea akasema kwamba yeye, ndugu zake na watumishi wake nao wanawakopesha watu fedha na nafaka. Basi tuache riba hii. Alijihesabu ndani ya jambo alilolikemea. Viongozi wangapi wanaweza hilo?

Kisha anatufungulia hesabu za nyumbani kwake. Kwa miaka 12 aliyokuwa liwali wa Yuda, tangu mwaka wa 20 hadi wa 32 wa Artashasta, hakula chakula cha liwali. Maliwali waliomtangulia walitwaa kwa watu mkate na divai, pamoja na shekeli 40 za fedha, na hata watumishi wao waliwaonea watu. "Lakini mimi sikufanya hivi, kwa sababu ya kumcha Mungu." Mezani pake walikula watu 150, mbali na wageni wa mataifa jirani. Kila siku ng'ombe mmoja, kondoo wazuri sita, na kuku. Kila siku kumi, divai ya kila namna. Hata hivyo hakudai posho ya liwali, kwa sababu utumwa ulikuwa mzito juu ya watu wale.

Hapo pananichoma. Chakula cha liwali hakikuwa rushwa. Kilikuwa haki ya cheo chake, kila aliyemtangulia alikitwaa, na hakuna ambaye angemlaumu. Wengi wetu tumejifunza kukataa bahasha inayopitishwa chini ya meza, na Mungu asifiwe kwa hilo. Lakini je, vile vinavyoruhusiwa? Posho ya kikao ambacho kingeweza kumalizwa kwa simu. Gari la ofisi siku ya harusi ya ndugu. Nafasi ya kazi iliyotangazwa huku jina la mpwa wako limekwisha kuandikwa. Kanuni inaweza isikukamate, lakini anayelipa ni yule aliyeweka shamba lake rehani.

Tena kuna mstari wa 16, mfupi, ambao niliupita mara nyingi bila kuuona: aliishika kazi ya ukuta, na hawakununua mashamba. Fikirini wakati wenyewe. Watu wana njaa, ardhi inauzwa kwa bei ya dhiki, na liwali ndiye mwenye habari zote na fedha mkononi. Angeweza kuondoka Yerusalemu akiwa mwenye mashamba mengi kuliko wote, tena kwa hati halali. Hakununua hata shamba moja.

Maombi yake mwishoni ni haya: "Unikumbukie, Ee Mungu wangu, kwa mema." Kwa hiyo bado alitaka kitu, na alikitaka sana. Alitaka kukumbukwa, ila alichagua ni nani amkumbuke.

Sasa mwekeni kando yake Baruku mwana wa Neria, mwandishi wa nabii Yeremia. Ndugu yake Seraya alikuwa ofisa wa mfalme Sedekia, aliyefuatana naye hadi Babeli. Baruku yeye alikuwa akiandika maneno ambayo mfalme Yehoyakimu aliyakata kwa kisu na kuyatupa motoni. Naweza kuelewa kwa nini moyo wake ulichoka. Mungu akamwuliza: "Na wewe je! Unajitafutia mambo makuu? Usiyatafute." Akamwahidi nafsi yake tu, iwe nyara, yaani kwamba ataokoka na uhai wake, popote aendako. Ni neno gumu kwa kijana mwenye kipaji, na mchungaji asiharakishe kulilainisha. Zipo nyakati ambapo Mungu anafunga mlango wa cheo, na utii ni kubaki na kalamu. Lakini tusimtwike kila kijana neno la Baruku. Yakobo na Yohana walipoomba kuketi kuume na kushoto kwa Bwana katika utukufu wake, hakuwaambia waache kutaka ukubwa. Aliwaonyesha njia yake: anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi.

William Wilberforce aliingia bungeni Uingereza mwaka 1780, akiwa na umri wa miaka 21. Alipookoka miaka michache baadaye alifikiri aache siasa, akaenda kutafuta ushauri kwa mchungaji John Newton, aliyewahi kuwa nahodha wa meli za watumwa. Newton alimtia moyo abaki alipo. Hoja ya Wilberforce ya kukomesha biashara ya watumwa ilishindwa mwaka 1791. Sheria ilipita mwaka 1807. Ile ya kufuta utumwa katika makoloni ilikuja mwaka 1833, naye alifariki siku chache baada ya kusikia kwamba itapita. Namshukuru Mungu kwa mchungaji ambaye hakumwambia, "Njoo utumike kanisani."

Na wewe usiye na cheo? Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waache kazi. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Askari aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Paulo, baada ya kupigwa pamoja na Sila kule Filipi bila kuhukumiwa, alikataa kutolewa gerezani kwa siri. Alisema wao ni raia wa Rumi. Mahakimu waje wenyewe wawatoe. Naamini aliwafikiria pia wale waamini wachanga waliokusanyika nyumbani kwa Lidia, ambao wangebaki katika mji ule baada yake. Kwa hiyo lipa kodi, na uulize imetumikaje. Piga kura, wala usiiuze. Nenda kwenye kikao cha wananchi hata kama kinachosha, maana mambo ya maji na shule huamuliwa na waliohudhuria. Na sheria ikikuagiza umwasi Mungu, Petro amekwisha kujibu katika Matendo 5:29: imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

Juma hili, katika vikundi vya maombi, naomba sura yote ya 5 isomwe kwa sauti. Kisha kila mwenye dhamana, iwe ya ofisi ya umma, ya darasa, ya duka au ya mfuko wa kwaya, awaambie wenzake "chakula cha liwali" katika nafasi yake ni kitu gani. Kitajeni kwa jina. Na kama yupo anayetaka kugombea au kuomba cheo, aseme bila haya, mwombeeni, na mwulizeni kabisa ni nani kati yenu atakayekuwa na ruhusa ya kumkagua akishakipata. Juma lijalo tutasoma Danieli 6:1–5.