Taa Iliyosimama Juu ya Ziwa

Kisumu, Jumapili usiku

Stima zikipotea mtaani kwetu, watu hutoka nje na kuanza kutazama juu. Zikiwepo, hakuna anayejua hata kama mwezi umetoka. Nadhani ndiyo sababu habari za vitu vya ajabu angani hutujia kwa mafungu: wiki kadhaa kimya, halafu transfoma inalipuka, na usiku huohuo kundi letu la familia kwenye WhatsApp linajaa video.

Ya juzi ilikuwa fupi. Giza totoro, vyura wanapiga kelele, mtu anasema "ona, ona, imesimama," na nukta moja nyeupe iko juu ya maji. Nukta inatanuka kuwa duara, inajikunja, inatanuka tena. Maelezo yaliyoambatana nayo yalisema imechukuliwa Dunga, ufukwe wa wavuvi hapa Kisumu, kwamba kitu hicho kiliwaka ghafla, kikasimama hewani muda mrefu bila sauti yoyote, kisha kikaenda mbio upande wa kulia na kuzimika.

Shangazi akaandika kwamba siku za mwisho zilishatabiriwa. Shemeji akasema ni droni ya Wamarekani. Mpwa wangu wa kidato cha tatu akatuma vikatuni vya kucheka, akakemewa na mama yake, akaomba radhi kwa wakubwa. Mimi sikuandika kitu. Shangazi yangu habishiwi kwenye kundi, anapigiwa simu.

Lakini maelezo yale yalinikaa, kwa sababu naamini kila neno lake. Sioni kwa nini aliyerekodi aitwe mwongo au mlevi, jambo ambalo wajuaji huwa wepesi kulisema. Kitu kiliwaka ghafla, kikasimama, kikanyamaza, kikakimbia, kikazimika. Hayo ameyaona. Ila hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kilikuwa umbali gani, na usiku jicho halina namna ya kupima umbali wa nuru iliyo peke yake. Ukishakosa umbali, ukubwa na kasi unajitungia mwenyewe bila kujua.

Jana jioni nilimchukua mpwa tukashuka Dunga. Hakukuwa na mwezi, na ndiyo maana ziwa lilikuwa limejaa watu: wavuvi wa omena hawapendi mbalamwezi, kwa kuwa samaki hufuata taa vizuri giza linapokuwa zito. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, nyeupe zaidi. Ukiziangalia kwa mbali huoni maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Taa ya mashua na taa ya ndege zinakaa safu moja.

Uwanja wa ndege wa Kisumu uko kaskazini ya Dunga, umelala kando ya maji karibu na Usoma. Njia yake ya kurukia inaelekea kaskazini-mashariki upande mmoja, na upande wa pili inaitazama Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria, kusini-magharibi. Ndege hutua ikikabili upepo. Mchana upepo hutoka ziwani. Usiku ardhi ikipoa unageuka, unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini. Basi ndege ya usiku kutoka Nairobi huenda ikaupita mji kwanza, ikaenda mpaka juu ya ziwa, ndipo igeuke irudi kutua.

Hapo kwenye kugeuka ndipo kisa chote kinapoanzia. Ndege ina taa kubwa za kutua, ambazo marubani wengi huziwasha wakiwa chini ya futi 10,000 ili waonekane mapema na ndege nyingine, na hata na ndege wenye manyoya. Mwanga wake ni mwembamba na unaelekea mbele tu. Ikikupa mgongo huoni kitu cha maana. Ikigeuka ikakukabili, ni kama askari wa usiku aliyekumulika tochi usoni: ghafla kuna nuru, na nyuma ya nuru huoni mtu.

Tuliiona hivyohivyo. Mpwa alikuwa ananieleza habari za mechi ya Gor Mahia, akanyamaza katikati ya sentensi. Iliwaka kusini-magharibi, chini, juu kidogo ya taa za omena. Ikasimama.

Nilimwambia aegemee nguzo ya stima, aipange ile nuru na ukingo wa nguzo. Jicho likikazia nukta moja gizani huanza kuiona ikiyumba hata kama haijasogea. Alexander von Humboldt aliziona nyota zikiyumba namna hiyo mwaka 1799, na baadaye ikajulikana kwamba kuyumba kulikuwa kwa jicho, si kwa nyota. Nguzo haina ugonjwa huo. Mpwa akasubiri, akasema, "Mjomba, haisogei hata kidogo."

Na haikupaswa kusogea. Ndege inayotua huteremka kwa pembe ya nyuzi 3 hivi. Aliye karibu na mwisho wa mteremko huo haoni ikishuka, kwa sababu kadiri inavyoshuka ndivyo inavyokaribia, na pembe inabaki ileile. Dunga haiko mwisho wa mteremko wenyewe, iko pembeni kilomita chache, lakini ndege ikiwa bado kilomita 30 huko, tofauti hiyo ni ndogo mno kwa macho. Kinachobadilika ni ukali wa nuru tu. Kadiri inavyokaribia inazidi kung'aa, na mtu anaapa kwamba kitu kimesimama kinamwangalia.

Sauti nayo? Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kutoka kilomita 30 inahitaji karibu dakika moja na nusu, na njiani inafifia. Tena upepo uleule wa usiku, unaovuma kutoka kwetu kwenda ziwani, huipinda sauti juu ikapita mbali na masikio ya walio ufukweni. Upepo mmoja unaileta ndege upande wa ziwa, na upepo huohuo unaifanya bubu. Hili sikuwahi kulisoma mahali pamoja. Nilijikuta naliunganisha huku nikipigana na mbu.

Kisha ikaanza kuteleza. Kwanza taratibu, halafu kwa kasi, kulia, kulia zaidi. Ndege inapokupita kando pembe hubadilika haraka, hata kama rubani wakati huo anapunguza mwendo. Mngurumo mdogo ukatufikia umechelewa. Mwanga mkali ukatuacha, ukaelekea Usoma, na machoni petu ukawa kama umezimwa kwa swichi. Ikabaki taa ya kijani ya bawa la kulia na kimulimuli cheupe, kisha miti ikavifunika. Mpwa alikuwa amerekodi yote. Tulipoitazama, ile sehemu ya kusimama ilikuwa duara linalotanuka na kujikunja, maana alikuwa amevuta picha mpaka mwisho na kamera ikawa inapapasa kutafuta fokasi. Ilifanana na ile ya kundi kiasi kwamba alitaka kuituma hapohapo. Nikamkataza.

Njiani tukarudi kwenye hadithi ya shemeji, anayeapa kwamba aliwahi kuona pembetatu nyeusi ikipita juu ya mtaa wa Mamboleo, kubwa kuliko uwanja wa mpira. Taa za ndege zimepangwa kwa sheria: nyekundu bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe nyuma. Ukiona nukta tatu zinasafiri pamoja bila kuachana, akili inaziunganisha, na katikati inakuchorea mwili. Mwanasaikolojia Mwitaliano Gaetano Kanizsa alionyesha jambo hilo mwaka 1955 kwa michoro sahili kabisa: weka alama tatu kwenye pembe, na mtazamaji ataona pembetatu yenye kingo ambazo hakuna aliyezichora. Shemeji aliona weusi kati ya taa, na weusi ulikuwepo kweli. Ulikuwa anga.

Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti za namna hii kwa miaka mingi. Mradi wake wa Blue Book, uliofungwa 1969, ulihesabu ripoti 12,618 za kuanzia 1947, na 701 zikabaki bila kutambuliwa. Nimechoka kuona hiyo 701 ikitumiwa na kila upande. Wengine wanaifanya ushahidi wa wageni kutoka sayari nyingine, wengine wanaipuuza. Mimi naiona kama faili ambazo mara nyingi hazina saa, hazina upande, hazina mtu wa pili aliyesimama mahali pengine. Ukiniletea kisa cha jana bila hivyo vitu sitakifunga, hata kama kilikuwa ndege ya abiria yenye ratiba.

Siku hizi kuna programu kama Flightradar24, ambayo hupokea ishara zinazorushwa na ndege zenyewe zikitangaza mahali zilipo. Ni nzuri, na mpwa ameshaiweka kwenye simu. Ila nimemwonya: si kila ndege hujitangaza, na ndege za kijeshi zinaweza kunyamaza kabisa. Kutoonekana kwenye simu hakuthibitishi chochote. Na Zuhura, sayari inayong'aa hadi watu huidhani chombo cha angani, na ambayo nadhani imewahi kuwafukuza polisi wengi kuliko majambazi, haimo kwenye programu hiyo hata kidogo.

Leo baada ya kanisa nilimpigia shangazi. Nilimweleza upepo, mteremko, taa za kutua, na kwamba aliyerekodi hakudanganya. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Sawa, baba. Lakini Mungu akitaka kutuma ishara, atakosa kutumia ndege?" Nikacheka, naye akacheka, na ukweli ni kwamba fizikia yangu haikuwa na jibu la hilo. Akaniuliza kama nimekula.

Jioni nikaandika kwenye kundi nikiomba jambo moja: atakayeona tena aseme saa, aseme upande kwa kutaja kitu kinachojulikana, na aseme kama kulikuwa na rangi. Mama yake mpwa akaweka alama ya moyo. Shemeji akanyamaza kidogo, kisha akatuma video nyingine: nukta nyingi zimejipanga mstari mmoja mrefu, zinapita kimya muda mfupi baada ya magharibi. Hizo si ndege. Kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 60 za Starlink kwa mpigo mmoja Mei 2019, na imeendelea kurusha mafungu. Siku chache baada ya kurushwa huwa bado zimefuatana hivyo, zikiakisi jua ambalo sisi huku chini limeshatuzamia. Mpwa amemjibu shemeji kabla sijamaliza kuandika, na mazungumzo sasa yamegeukia bei ya kufunga Starlink kijijini.